Kadi ya Dola 10, Kadi ya Dola 12

Ukitaka kujua watu wanaithamini vipi faragha yao, unaweza kuwauliza. Shida ni kwamba watakujibu. Nani atakwambia hajali taarifa zake binafsi zinakwenda wapi? Atasema anajali sana, kisha dakika tano baadaye utamkuta anaandika jina na namba ya simu kwenye kuponi ya bahati nasibu ya dukani. Watafiti wamekiita kitu hiki kitendawili cha faragha, na wapo waliokitegua haraka haraka: watu wanasema wasilolimaanisha.

Alessandro Acquisti na George Loewenstein wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, pamoja na Leslie John, walipita njia nyingine. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, swali halikuwa faragha hata kidogo. Wanunuzi katika jengo la maduka huko Pittsburgh, Marekani, waliombwa wajaze dodoso fupi, na shukrani yao ni kadi ya zawadi ya kununulia vitu. Dodoso lilikuwa chambo. Kilichopimwa ni kadi.

Kadi zilikuwa za aina mbili. Ya dola 10 haikuunganisha manunuzi na jina la mtu. Ya dola 12 iliyaunganisha. Anayetaka kujificha, basi, anaacha dola 2 mezani.

Ufundi wenyewe uko kwenye namna kadi zilivyotolewa. Kundi moja lilishikishwa kwanza ile ya 10, likaambiwa linaweza kuibadilisha kwa ya 12. Kundi jingine lilianza na ya 12, likaambiwa linaweza kuchukua ya 10. Ukikaa na kalamu, makundi yote mawili yanachagua kitu kilekile. Kama kila mmoja wetu ana bei yake ya faragha moyoni, kadi iliyotangulia mkononi isingebadilisha lolote.

Ilibadilisha mno. Walioanza na kadi ya siri, kama asilimia 52 waliing'ang'ania, dola 2 wakazisamehe. Walioanza na kadi yenye jina, kama asilimia 10 tu ndio waliokubali kupunguza dola 2 ili wafichike. Makundi mengine mawili hayakushikishwa chochote. Yalionyeshwa kadi zote mbili yachague, ila mpangilio ukageuzwa. Ilipotajwa kwanza ya 10, walioichukua walikuwa kama asilimia 42. Ilipotajwa ya pili, wakashuka hadi 27. Hakuna aliyepewa wala kunyang'anywa kitu. Ni mpangilio wa maneno tu.

Kuna pingamizi. Mtu yuko madukani, ana haraka zake, mtoto anamvuta mkono. Atabadilishaje kadi kwa ajili ya dola 2? Ni kweli, kadi iliyobaki mkononi haikuambii kama mwenyewe ameipenda au ameona uvivu. Kwangu mimi, ikiwa ni uvivu, hoja inazidi kuwa nzito. Programu za simu nazo hutukuta na haraka zetu, na aliyezitengeneza ndiye aliyeamua kipi kije kimewashwa na kipi kimezimwa. Halafu tukiacha vilivyo, tunahesabiwa kuwa tumeridhia.

Asubuhi moja nilikuwa nausoma utafiti huu, mchana nikaenda kwa wakala wa pesa za simu. Daftari la mistari, jalada limeng'oka, kalamu imefungwa uzi kwenye msumari. Jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, kiasi, sahihi. Mstari wa juu yangu mama mmoja alikuwa ametoa shilingi elfu themanini, na jina lake na namba yake nilivisoma bila kukusudia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, Kenya ina ya kwake tangu 2019. Daftari lile halina habari nazo. Nikamuuliza binti aliyekuwa kibandani kama naweza kuandika tarakimu nne tu za mwisho za kitambulisho.

Hakukasirika. Alinitazama tu kama mtu aliyeulizwa kama maji ya mvua yanalipiwa.

“Kaka, si uandike tu? Mbona wenzio wote wameandika.”

Nikaandika, zote.