Amandina Lihamba na ufundi wa igizo lisilofungwa

Amandina Lihamba, mzaliwa wa wilaya ya Morogoro mwaka 1944, ni mwigizaji, mwongozaji, mtunzi wa tamthilia na profesa wa sanaa za maonyesho aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi zake zinatofautiana sana kwa umbo, ila karibu zote zinarudi kwenye swali moja la kiufundi: hadhira ipewe kazi gani wakati igizo linaendelea?

Katika nchi ya Waluguru, huko huko Morogoro, swali hilo lilikuwa na jibu tangu zamani. Huko ukoo huhesabiwa upande wa mama, na mwali aliyefundwa ndani alitolewa kwa ngoma mbele ya ndugu na majirani walioimba, kucheza na kutuza. Aliyekuja kukaa na kutazama tu hakuwa na nafasi. Penina Muhando Mlama, mzaliwa wa Berega, Kilosa, aliifanyia utafiti sanaa ya aina hiyo kwa Wakaguru na kuandika kuhusu digubi, ngoma ya unyago wa wasichana. Lihamba na Mlama wamefanya kazi pamoja mno hata si rahisi kusema wazo lipi lilikuwa la nani.

Shule za kikoloni zilileta mtindo mwingine: jukwaa lililoinuliwa, pazia, watu kimya gizani. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 sanaa ilitakiwa ihamasishe, na ngonjera zikatapakaa kila mahali, nyingi zikiwa hotuba zilizotiwa vina.

Tamthilia ya Hawala ya Fedha (1980) ilikwenda njia nyingine. Lihamba aliichukua hadithi ya Msenegali Sembène Ousmane kuhusu mzee aliyetumiwa hawala kutoka Paris. Ili alipwe anatakiwa awe na kitambulisho. Ili apate kitambulisho anatakiwa awe na cheti cha kuzaliwa na picha. Kila dirisha linampeleka dirisha jingine, na deni linakua kabla fedha haijashikwa. Muundo huo unafaa sana jukwaani, kwa kuwa kila ofisi ni onyesho fupi linalojitegemea na kicheko huongezeka kwa marudio. Mtazamaji wa Dar es Salaam aliyewahi kuambiwa “njoo kesho” hahitaji mhusika wa kumwelezea urasimu.

Harakati za Ukombozi (1982), aliyoitunga na Mlama na Ndyanao Balisidya, inakusanya matukio ya historia ya mapambano na kuyapitisha kwenye nyimbo na ngoma badala ya kisa kimoja cha mhusika mmoja. Kundi la Paukwa, ambalo Lihamba alikuwa miongoni mwa nguzo zake, liliendeleza utunzi wa pamoja, kama katika tamthilia ya Ayubu.

Hatua kubwa zaidi ilikuwa katika kijiji cha Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983. Lihamba, Mlama na mwenzao Eberhard Chambulikazi hawakwenda na mchezo mkononi. Walianza kwa kuzungumza na wanakijiji, wakachambua nao matatizo yaliyotajwa, yakiwemo vijana kukosa shughuli na wasichana wa shule kupata mimba, kisha washiriki wakatengeneza maigizo kwa ngoma na nyimbo zao wenyewe. Mjadala ulikuwa sehemu ya onyesho. Mwongozaji wa kawaida huona fahari onyesho likifungwa vizuri. Hapa lisipofungwa ndipo kazi inapofanyika, kwa sababu msichana, mzazi na mwalimu waliokwisha kuonyeshwa jukwaani wako pia uwanjani, na lazima mmoja aanze kusema. Udhaifu wa mbinu hii nao uko wazi: inataka muda mrefu, na wataalamu wakiondoka, ufuatiliaji unabaki kwa watu ambao wakubwa wa kijiji wanaweza kuwanyamazisha.

Mwaka 1985 Lihamba alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, kwa utafiti juu ya siasa na sanaa za maonyesho Tanzania baada ya Azimio. Tamthilia yake ya Mkutano wa Pili wa Ndege (1992) ni fumbo, ndege wakiwa wahusika. Mwaka 1996 yeye na Mlama walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari: wasichana wanachunguza yanayowakwamisha, wanayaigiza, kisha wanadai hatua. Ni Malya iliyohamishiwa shuleni, na FAWE, shirika la wanawake wanaelimu wa Afrika, baadaye liliipeleka nchi nyingine za Afrika.

Katika filamu ya Maangamizi (2001) ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, Lihamba ni Samehe, mgonjwa katika hospitali ya akili ambaye kwa miaka mingi hajatamka neno. Kwa mwigizaji wa jukwaani huu ni mtihani mgumu, maana silaha yake ya kwanza ni sauti inayofika safu ya nyuma, na kamera iliyo karibu inaikuza kila ishara ya uso. Lihamba anaifanya kazi kwa macho na mabega, akiwaachia wenzake maneno. Filamu hiyo ndiyo ya kwanza Tanzania kuiwasilisha kuwania tuzo za Oscar, katika kundi la filamu za lugha za kigeni.