Hazina ya Prince na Tarehe za Nyimbo Zake

Prince, mwanamuziki wa Marekani, alifariki tarehe 21 Aprili 2016 katika jumba lake la Paisley Park, Minnesota, akiwa na umri wa miaka 57. Wasia haukuonekana. Kilichoonekana ni chumba cha hazina chenye kanda nyingi za nyimbo ambazo umma haujapata kuzisikia, nazo zikawa mirathi sawa na nyumba na viwanja. Mwaka 2022 mirathi hiyo ilikadiriwa kuwa dola milioni 156, na kanda iliyofungiwa gizani hailipi kodi wala haimshibishi mrithi.

Watetezi wa kuifungua hazina husema kwamba asiyetaka kusikiwa huchoma kanda zake. Hoja hii si dhaifu. Prince alijua kuharibu: Desemba 1987 aliamuru nakala za The Black Album ziharibiwe siku chache kabla ya kuuzwa, kisha akairuhusu itoke mwaka 1994. Mwaka 1998 alitoa mwenyewe Crystal Ball, mkusanyo wa nyimbo alizokuwa ameziweka. Kwake yeye, basi, kuweka hakukuwa kutupa. Lakini habari hiyo hiyo yaonyesha jambo ambalo watetezi hulipita upesi: wakati wa kutoa aliuchagua yeye, na uchaguzi ule ulikuwa sehemu ya utunzi.

Piano & a Microphone 1983, iliyotolewa mwaka 2018, ni kanda ya faragha ya dakika zipatazo 35, sauti moja na piano moja. Mtunzi asikika akizungumza na fundi wake. Purple Rain yapita kwa muda usiotimia dakika mbili, kama nyumba iliyosimamishwa nguzo bila ya paa. Strange Relationship, ambayo umma uliipata mwaka 1987, imo tayari. Utamu wake ni kuusikia mkono ungali kazini, na waliohariri walifanya vyema kutoongeza hata ngoma moja. Katika Michael ya mwaka 2010, nyimbo za marehemu Michael Jackson zilimaliziwa na mikono mingine. Tatu kati yake zilibishaniwa kama sauti ni yake au siyo, na mwaka 2022 ziliondolewa katika huduma za kusikiliza muziki kwa intaneti. Aliyenunua santuri angali nazo. Asikilizaye kwa simu haoni hata pengo zilipokuwapo.

Huduma hizo Prince hakuziamini: Julai 2015 aliondoa nyimbo zake katika nyingi zao, akaibakiza Tidal. Februari 2017, kifo chake hakijatimiza mwaka, zikarudishwa. Hasara kubwa kwa mhakiki ni ya tarehe. Welcome 2 America ilirekodiwa mwaka 2010, ikawekwa, ikatolewa mwaka 2021. Katika orodha yasimama baada ya HITnRUN Phase Two ya mwaka 2015, kana kwamba marehemu aliendelea kutunga. Mwanafunzi afuataye orodha hiyo ataandika juu ya uzee wa mtunzi kwa ushahidi wa kazi aliyokwisha kuiweka kando. Kila wimbo wa namna hii wastahili miaka miwili, wa kurekodiwa na wa kutolewa, pamoja na neno la kusema kama ulikamilika. Vijitabu vya santuri vilikuwa na nafasi ya maelezo hayo; kioo cha simu huonyesha mwaka mmoja tu, nao aghalabu ni ule wa muuzaji.