Shati la kazi huanza kufia begani

Ukitaka kujua shati la kazi limeshonwaje, anza begani. Kilakala, mjini Morogoro, iko miguuni mwa milima ya Uluguru, na mazao mengi ya mlimani hushuka kwa vichwa na mabega ya watu kabla ya kufika Soko la Chifu Kingalu. Mkungu wa ndizi ukikaa begani, uzito hulalia mstari mwembamba ambapo, kwenye shati la kawaida, kipande cha mbele kimeungana na cha nyuma. Uzi husagika, mshono hufumuka, na kitambaa bado kizima kabisa.

Mashati ya kazi yaliyoshonwa kwa akili yameuondoa mshono huo njiani. Begani mmelazwa kitambaa mara mbili, kikatoka mgongoni kikavuka hadi mbele, mshono ukateremka vidole viwili au vitatu kuelekea kifuani. Mzigo sasa unakaa juu ya nguo, haukai juu ya uzi. Chini ya bega, mgongoni, kuna marinda mawili ya kumpa mtu nafasi anapoinua jembe. Pasipo hayo, kwapa ndilo litakalochanika.

Ubavuni na mikononi kuna mshono wa jinzi: ukingo wa kipande kimoja hukunjwa ndani ya ukingo wa mwenzake, kisha hupigwa mistari miwili ya uzi. Ndani wala nje huoni ukingo wa kuchambuka. Cherehani ya kawaida inaumudu, ila kuuzungusha mkono mwembamba chini ya sindano kunakula muda, ndiyo maana mafundi wengi hupiga ovaloki wakamaliza. Siwalaumu. Wateja wachache hulipia mshono wasiouona.

Kitambaa nacho kina siri yake. Marekani hufumwa moja juu, moja chini, kila uzi wa mshindio ukibanwa na kila uzi wa mtande. Kaki na jinzi hufumwa kwa mshazari: mshindio huruka nyuzi mbili au tatu, na kila mstari husogea hatua moja pembeni. Nyuzi zilizolegea hivyo huweza kushindiliwa zikakaa nyingi zaidi, na mwiba ukinasa, hukusanyana na kuugawana mvuto. Kwenye marekani hukatika mmoja mmoja.

Pamba ina sifa nyingine ambayo tetroni haina: ikilowa, uzi wake huongezeka nguvu. Kwa mtu anayelima akiwa amelowa jasho, au anayeteremka na mvua kutoka Morningside, juu mlimani, hilo si jambo dogo. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi kwenye pindo uuchome. Pamba hunuka kama karatasi na kuacha majivu laini. Ukikuta kitone kigumu cheusi, umeuziwa mchanganyiko.

Kinachonisumbua ni kwamba mji huu unajua pamba nzito. Morogoro Canvas Mill kilikuwa kiwanda cha kufuma turubai la pamba. Turubai halivaliki, lakini kutoka hapo hadi kitambaa cha shati si safari ndefu: uzi mwembamba zaidi, mtambo upangwe kwa mshazari, na kazi ya mwisho ifanywe vizuri. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu. Pamba husinyaa, na kiwanda makini hukisinyaza kitambaa kwa mvuke na mkanda wa mpira kabla hakijakatwa, njia iliyobuniwa na Mmarekani Sanford Cluett karibu na mwaka 1930. Pasipo hiyo, shati la leo ni la mdogo wako baada ya kufuliwa. Tunakodolea macho marobota ya mitumba tukitafuta mashati yaliyoshonwa kwa ajili ya vibarua wa nchi nyingine, huku sehemu kubwa ya pamba ya Shinyanga na Simiyu ikisafirishwa ghafi.

Ukiamua kushonesha, loweka kitambaa usiku kucha, kianike, ndipo umpelekee fundi. Mwambie atumie uzi wa poliesta, maana wa pamba huoza kwa jasho kabla ya kitambaa. Jiki iache: inaila pamba. Kola ikiliwa na ndevu, fundi huifumua, huigeuza upande wa chini ukawa juu, akaishona tena. Bega likiisha, mwambie abadilishe kipande cha juu tu. Cha chini mara nyingi bado kina miaka yake.