Kibaba cha Picha

Hakuna sanaa isiyo na kipimo. Mtunzi wa shairi la kimapokeo hupewa mizani 16 katika mshororo, akazigawa nane kwa nane, akatia kina cha kati na kina cha mwisho, na ndani ya uwanja huo mwembamba akasema yote aliyonayo moyoni. Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka wa 1954 hakukusudia kuwafunga vijana minyororo. Aliandika yale ambayo malenga walikuwa wakiyafuata kwa sikio tangu zamani. Kipimo cha namna hiyo ni mali ya sanaa yenyewe. Mtunzi anakijua, msikilizaji anakijua, na mshororo ukipungua mizani moja, hata mtoto aliyezoea kusikia mashairi hugeuza shingo.

Siku hizi umezuka kipimo kingine, ambacho hakikutungwa na malenga wala mcheza ngoma, nacho kimeingia katikati ya sanaa zetu zote za maonyesho. Nacho ni kiasi cha data anachonunua mtu ili atazame picha za video katika simu yake ya mkononi. Vijana wetu wanakiita bando. Wahakiki wetu wameandika sana juu ya yaliyomo katika nyimbo na filamu, juu ya mavazi, juu ya lugha, juu ya maadili. Lakini juu ya kibaba hiki kinachopima kila picha kabla haijafika machoni, wamesema machache mno. Nadhani wamekiona ni jambo la wafanyabiashara. Mimi naona ni jambo la uhakiki.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu tutabaki katika kulalamika. Megabaiti moja ya maandishi huchukua herufi milioni moja hivi. Ubeti wa mishororo minne wenye mizani 64 hauzidi sana herufi 165 pamoja na nafasi zake. Basi katika megabaiti moja zitaingia beti 6,000 za shairi, kazi ya umri mzima wa mtunzi hodari. Sasa tuitazame picha. Kampuni ya Netflix imewaeleza wateja wake kwamba saa moja ya video ya kiwango cha chini hula gigabaiti 0.3, ya kiwango cha kati gigabaiti 0.7, na ile ya kiwango cha juu hufika gigabaiti 3. Kwa kiwango cha kati, basi, kila sekunde moja ya picha humeza data ambayo ingetosha beti 1,000 na zaidi. Kijana mwenye bando la gigabaiti moja atatazama muda wa dakika 20 tu kwa kiwango cha juu. Akikubali kiwango cha chini, atapata saa tatu na kidogo. Chaguo lake ni hilo: aone vizuri kwa muda mfupi, au aone vibaya kwa muda mrefu.

Wenye mitandao wana hoja yao, na haki yatutaka tuitaje. Mnara mmoja wa simu huhudumia watu wengi kwa masafa yale yale, na mtu mmoja anayetazama filamu huchukua fungu la makumi ya watu wanaotumiana salamu. Hata nchi tajiri zimeonja jambo hili: mwezi Machi 2020, dunia ilipojifungia ndani kwa sababu ya maradhi, Netflix na YouTube zilipunguza ubora wa picha Ulaya kwa maombi ya viongozi wa huko. Hapa petu, mwezi Aprili 2021, bei mpya za bando zilipoanza kutumika, wananchi walipiga kelele hata serikali ikaamuru zisitishwe mara moja. Kelele zile zilihusu shilingi, na zilikuwa halali. Ila sikumsikia mtu aliyeuliza shilingi hizo zinanunua picha ya namna gani. (Na nafaka katika kibaba cha bibi zetu haikuyeyuka saa 24 zilipotimia, lakini hilo nawaachia wachumi.)

Swali langu ni hili: kibaba kinapopungua, ni sanaa ipi inayopunjwa kwanza?

Ili kulijibu, hatuna budi kujua kidogo jinsi picha hizi zinavyosafirishwa. Video haitumwi picha baada ya picha zote kamili. Hutumwa picha moja nzima, kisha zinazofuata hutumwa yale yaliyobadilika tu. Mtu akikaa kitini akahutubia, nyuma yake pana ukuta, yanayobadilika ni midomo na macho. Kibaba kidogo kinamtosha, naye huonekana safi. Lakini watu thelathini wakisimama uwanjani, kila mmoja akitikisa bega, vumbi likapanda, majani yakapepea, basi kila kitu kinabadilika kila wakati, na kibaba kile kile hakitoshi tena. Mtambo hulazimika kukata. Hukata wapi? Hukata pale penye mwendo mwingi, maana ndipo penye gharama.

Msomaji aifikirie Bugobogobo ya Wasukuma. Uhai wa ngoma ile uko katika jembe linalorushwa juu, likazunguka, likadakwa kwa pigo la ngoma bila kukosea. Niliitazama hivi karibuni katika simu, kwa kiwango cha mistari 144, kwa kuwa mtandao haukuruhusu zaidi. Jembe lilipokuwa mkononi niliona jembe. Liliporuka niliona doa la kijivu, kisha vipande vya mraba kama sakafu iliyopasuka, kisha jembe mkononi tena. Kile ambacho mchezaji alijifunza kwa miaka ndicho kilichofutwa. Au tuichukue Sindimba ya Wamakonde. Picha ya mistari 144 ina nukta 36,864 tu, ilhali ile ya mistari 720 ina nukta 921,600, yaani mara 25 zaidi. Gawa nukta hizo chache kwa kundi zima la wachezaji, pamoja na miti na watazamaji, kisha uone zimebaki ngapi kwa kiuno cha mchezaji mmoja. Kiuno hicho kinasema jambo, na msomi wa ngoma hulisoma. Katika nukta zile hakisomeki. Anayejifunza Sindimba kwa njia hii atajifunza kwamba wachezaji husimama mstarini wakatetemeka.

Kwa hiyo kibaba si mwamuzi asiye na upande. Kinampendelea msemaji kuliko mchezaji, uso kuliko mwili, chumba kuliko uwanja, mmoja kuliko umati. Hakuna aliyekusudia hivyo, na hilo ndilo linalofanya jambo lenyewe kuwa gumu kupingwa. Taifa ambalo urithi wake mkubwa uko katika mwili unaotembea uwanjani limejikuta likitazamwa kupitia dirisha linalomwona vizuri mtu aliyekaa.

Urefu nao una habari yake, ingawa hapo sioni ubaya mtupu. Filamu zetu za video zilipokuwa zikiuzwa Kariakoo katika santuri za VCD, santuri moja ilichukua dakika 80 hivi, na hadithi nyingi zikakatwa sehemu ya kwanza na ya pili. Wapo waliozirefusha kwa kutembeza gari barabarani dakika tano nzima ili sehemu ya pili ipate kuuzwa. Na wapo waliojifunza kuikata hadithi pale ambapo mtazamaji hawezi kulala bila kujua mwisho. Kipimo cha santuri kilijulikana, na mtunzi mwenye akili alikifanyia kazi. Bando halijulikani. Mtunzi hajui mtazamaji wake amebakiwa na kiasi gani, na mtazamaji mwenyewe mara nyingi hajui. Matokeo yake ni hofu. Msanii anaweka uhondo wote katika sekunde za mwanzo, kama mchuuzi anayepanga maembe mazuri juu ya tenga. Katika taarab ya asili ya Unguja, bashrafu hupigwa kwanza bila maneno, ili wasikilizaji watulie na masikio yafunguke. Nani atathubutu kuanza na bashrafu mbele ya mtu anayehesabu megabaiti zake? Na kwa miaka mingi video iliyotumwa katika WhatsApp haikuruhusiwa kuzidi megabaiti 16. Hivyo kilichosambaa mitaani kilikuwa kipande, na wapo vijana wanaojua wimbo mzima kwa kipande hicho tu.

Wananchi, kama ilivyo desturi yao, hawakukaa wakingoja. Mmoja hupakua filamu usiku, bando linapokuwa nafuu, asubuhi akawarushia wenzake simu kwa simu. Mafundi wa mitaani hujaza nyimbo na filamu katika memori kadi kwa malipo madogo. Hapo msanii hapati senti, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka wa 1999 inavunjwa mchana kweupe. Siwezi kuwatetea. Lakini mhakiki mkweli atakiri kwamba nakala iliyomo katika kadi ile huonekana bila kukatika, hukaa miaka, na hutazamwa na vichwa vitano juu ya simu moja, kama zamani katika vibanda vya video. Kupakua kunakoruhusiwa na kampuni kwa kawaida huifungia picha ndani ya programu yao, isihamishike. Njia halali inamtenga mtazamaji peke yake, na njia ya haramu inamkutanisha na jirani. Wanaoandika sheria na mikataba ya sanaa wangefanya vyema kuutazama mkanganyiko huo.

Nawageukia walimu. Shule zilipofungwa Machi 2020, hata kidato cha sita kikarudi tarehe 1 Juni na wengine tarehe 29 Juni, masomo yaliyokuwa katika video yalimfikia yule ambaye nyumbani kwake palikuwa na data ya kutosha. Mwalimu wa fasihi simulizi, anayetaka darasa lake lione ngoma ambayo haichezwi wilayani kwake, asimtume mwanafunzi akaitafute mwenyewe katika simu ya mzazi. Mara moja kwa muhula, shule na iombe kwa wenye kazi hiyo nakala kamili, iihifadhi katika kompyuta yake, iionyeshe ukutani kwa darasa zima. Nakala moja iliyo safi ina faida kuliko maungio arobaini yanayozunguka bila kufunguka. Na maktaba za taifa zenye kanda za ngoma ziwe tayari kutoa nakala hizo, badala ya kusema zimekwisha kuwekwa mtandaoni.

Pale ambapo hata hilo haliwezekani, kuna sauti. Saa nzima ya sauti nzuri haifiki megabaiti 60. Sisi wa Bara, ambao hatukuwa na televisheni hadi mwaka wa 1994 ilhali wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, tulizijua ngoma za mbali kwa redio tu. Hata katika video ile ya mistari 144 niliyoitaja, ngoma ya Bugobogobo ilisikika yote, pigo kwa pigo, hadi kishindo cha jembe lilipodakwa.