Kazi Mbaya na Mchezo Mwema: Kicheko cha Kaunta ya Fordsburg

Methali isemayo kuwa kazi mbaya si mchezo mwema imetumika kwa vizazi kuwanyamazisha wanaolalamika. Maana yake inafahamika: afadhali kazi duni kuliko mchezo mtamu, kwa kuwa kazi hulisha na mchezo haulishi. Siasa iliipokea hekima hiyo ikaigeuza kaulimbiu. TANU ilihubiri Uhuru na Kazi. Mwaka 2015 John Magufuli aliingia Ikulu kwa Hapa Kazi Tu, na mara baada ya kuapishwa akatembea kwa miguu hadi Wizara ya Fedha bila taarifa, akakuta viti visivyo na watu. Swali la siku ile lilikuwa: wako wapi watumishi? Halikuulizwa swali la pili, yaani kiti kile kina nini hata mtu akikimbie. Hilo la pili wameachiwa wachekeshaji.

Mfano wake unaojulikana zaidi ni Office Space, filamu ya Mike Judge ya mwaka 1999. Peter Gibbons, kijana anayerekebisha programu za benki katika kampuni ya Initech, ana mabosi wanane. Akisahau kuweka karatasi ya jalada juu ya ripoti yake, anakumbushwa na zaidi ya bosi mmoja, kila mmoja akiamini kuwa ndiye aliyeligundua kosa. Mtaalamu wa tiba ya kupumbaza akili anafariki kabla ya kumzindua, naye Peter anabaki katika utulivu usiojali lolote. Anaacha kufika kazini. Washauri walioletwa kupunguza wafanyakazi wanamuuliza afanyacho, naye anawajibu kuwa kwa wiki nzima kazi yake ya kweli haizidi dakika kumi na tano. Wao wanampandisha cheo, na rafiki zake Samir na Michael, ambao hawakuacha kufanya kazi, wanafukuzwa.

Judge aling'amua kwamba mateso ya ofisi hukaa katika lugha. Bosi Lumbergh hapigi kelele hata mara moja. Huburuta maneno kwa upole, kikombe cha kahawa mkononi, akiomba jambo lisilokatalika: Peter aje kazini Jumamosi, na Jumapili pia. Msomaji wa Kiswahili anaijua sauti hiyo, maana lugha yetu nayo ina adabu inayotumika kama kiboko. Karani asemaye tafadhali njoo kesho hajamtukana mtu, lakini amemla siku yake. Pembeni yupo Milton, aliyeachishwa kazi zamani bila mtu kumwambia, ambaye kwa hitilafu ya mfumo ameendelea kulipwa. Meza yake inahamishwa mara kwa mara hadi ghorofa ya chini kabisa, na stepla yake nyekundu inachukuliwa. Stepla ile ndiyo mali pekee inayoonyesha kwamba mtu huyu yupo. Haishangazi kwamba ndiye anayeliteketeza jengo.

Filamu hii ikitazamwa Johannesburg, kicheko hupata kwikwi. Minara ya Sandton imejaa vyumba vinavyofanana na vya Initech, na ng'ambo ya barabara kuu ipo Alexandra, ambako wengi wangefurahia kuchoshwa na kazi ya aina hiyo. Katika miaka ya karibuni ukosefu wa ajira Afrika Kusini umezidi asilimia 30 kwa takwimu rasmi. Mwishoni mwa filamu Peter anashika koleo na kuondoa vifusi vya ofisi yake ya zamani, mwenye furaha chini ya jua. Mwisho huo unaaminika pale tu ambapo koleo lipo la kushikwa. Hapa wanaume husimama kando ya barabara tangu alfajiri wakingoja gari la tajiri anayetaka vibarua, na wengi hurudi nyumbani mikono mitupu. Samir naye, ambaye jina la ukoo wake linawashinda wote ofisini kulitamka, anamgusa kwa namna ya pekee kila Mkongo au Mtanzania anayeishi Yeoville. Kwa mgeni ambaye kibali chake kimefungwa kwenye ajira, kufukuzwa kazi hakuanzishi uhuru wowote.

Je, inawezekana kutunga komedi ya kazi ya kuchosha mahali ambapo kazi yenyewe ni bahati? Jibu lililo karibu zaidi limetoka Fordsburg, mtaa wa magharibi ya katikati ya jiji hilo hilo. Material, filamu ya Craig Freimond iliyotoka mwaka 2012 na kufuatwa na New Material mwaka 2021, inamhusu Cassim Kaif, kijana anayeuza vitambaa katika duka la babake. Cassim anachezwa na Riaad Moosa, mchekeshaji aliyesomea udaktari wa tiba. Ebrahim, babake, anachezwa na Vincent Ebrahim. Duka lina kaunta, majora yaliyopangwa hadi dari, na saa ndefu ambazo hakuna mteja. Baba anataka mwana alirithi. Mwana anataka kupanda jukwaani na kuchekesha watu, jambo ambalo kwa babake si kazi, tena ni aibu.

Hapa methali inageuka mzozo wa nyumbani: kaunta ni kazi mbaya, jukwaa ni mchezo mwema. Kizuizi kinachomkabili Cassim, hata hivyo, hakifanani na cha Peter. Lumbergh anaweza kupuuzwa, maana hakuna anayempenda. Baba hapuuziki. Anayeiacha kaunta ya Fordsburg anahatarisha radhi, na neno hilo linaieleza filamu kwa ukamilifu ambao lugha yake yenyewe ya Kiingereza haiufikii. Radhi hainunuliwi kwa mshahara, na hakuna mshauri wa kampuni awezaye kuihesabu. Ndiyo maana Cassim anafanya kwa siri kile ambacho Peter anafanya hadharani.

Jina la filamu linabeba hoja yake. Kwa Kiingereza neno hilo moja lina maana ya kitambaa na pia ya malighafi ya mchekeshaji. Cassim hapati vichekesho vyake kwingine ila nyumbani na dukani: kwa baba, kwa wateja, kwa maisha ya Waislamu wenye asili ya Kihindi katika jiji hilo. Mchezo umekatwa kutoka jora lile lile la kazi. Office Space inamwokoa shujaa wake kwa kuichoma ofisi. Material haiwezi kulichoma duka, kwa kuwa likiungua, jukwaa nalo litakosa la kusema.

Fordsburg inaongeza uzito ambao filamu haina haja ya kuutangaza. Mwaka 1958 Athol Fugard, kabla hajawa mwandishi mashuhuri wa tamthilia, alikuwa karani katika mahakama ya mtaa huo iliyohukumu Waafrika kwa makosa ya pasi, karatasi iliyo ndugu wa kile kipande cha Kenya. Kazi yake ilikuwa ya kuchosha kama ya Peter: majina, mihuri, mafaili. Tofauti ni kwamba kila faili lilikuwa mtu anayeelekea gerezani au kufukuzwa mjini. Mwaka 1972 Fugard, John Kani na Winston Ntshona walitunga Sizwe Banzi Is Dead, tamthilia ambamo hadhira hucheka sana huku mtu akilazimika kuzika jina lake ili apate muhuri unaofaa. Jirani na hapo, Pageview, wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi waling'olewa katika miaka ya 1970 kwa mujibu wa sheria ya kugawa makazi kwa rangi, na Oriental Plaza ikajengwa Fordsburg iwe mahali pa kuwahamishia. Kwa mzee wa kizazi cha Ebrahim, kusimama nyuma ya kaunta yako mwenyewe siku nzima bila kuuza yadi moja kunaweza kuwa ushindi. Kinachomchosha mwana ndicho baba alichokipigania.

Njabulo Ndebele, mzaliwa wa Johannesburg, alidai mwaka 1984 kwamba fasihi ya Afrika Kusini ilikuwa imetekwa na vitisho vya kutazamwa, akaitaka igundue upya maisha ya kawaida. Wengi walihofu kwamba wito huo ungewatoa waandishi katika mapambano. Material inaonyesha hofu hiyo haikuwa na msingi. Haina risasi wala maandamano, lakini historia imo katika ugomvi wa miaka mingi kati ya Ebrahim na nduguye Rafiq, imo hata katika namna baba anavyolinda futi yake ya kupimia. Ukawaida wenyewe umeshonwa kwa uzi wa siasa.

Filamu hii haikosi kasoro. Huruma yake kwa baba wakati mwingine inapoza ukali wa kicheko, na mtazamaji anaweza kutamani sekunde chache za ubaridi wa Judge. Kasoro kubwa zaidi ni upofu wa aina moja ya kazi. Uchovu wa kaunta unaonekana vizuri, lakini kupika, kutuliza na kupatanisha kunakofanywa na mama wa nyumba hiyo kunapita kama hewa. Office Space ilikuwa na Joanna, mhudumu wa mgahawa anayelazimishwa kuvaa vibeji kumi na vitano vya kuonyesha furaha asiyoihisi, hadi siku aliyokataa. Nyumba ya akina Kaif haina Joanna wake.

Hata hivyo Material inastahili kutazamwa na kila anayesoma Kiswahili, iwe Unguja, Mombasa, Muscat au Toronto, kwa sababu duka lake lina ndugu kila mahali. Wapo watoto wengi wa maduka na wa madawati ya serikali ambao wazazi wao walipigania kiti, na ambao wenyewe hawawezi kukikalia bila kusinzia. Methali huwaambia wanyamaze. Filamu hii inawaambia kwamba kiti kile kina hadithi, na kwamba anayeisimulia kwa kicheko huenda akawa anafanya kazi ya babake kwa njia nyingine. Kama baba atakubali kuiita kazi, hilo ndilo linalomfanya mtazamaji wa Material akae hadi dakika ya mwisho.