Kipaji cha Nani?

Mwaka 1928, Edwina Mountbatten alinunua kwa Cartier, London, ukanda wa kuvaa juu ya paji la uso, kama ulivyokuwa mtindo wa wanawake waliokata nywele fupi enzi hizo. Alikuwa mjukuu na mrithi wa tajiri wa benki Ernest Cassel, na mke wa Lord Louis Mountbatten. Katika johari zake zote, huu ndio unaotajwa zaidi leo, na unatunzwa katika makumbusho ya Victoria and Albert. Ukitenganishwa, unakuwa bangili mbili.

Nimeutazama pichani mara nyingi, na kila mara jicho langu halitui kwenye almasi. Linakwenda kwenye zumaridi na yakuti, nyekundu na za buluu, zilizochongwa kama majani na matunda madogo. Almasi zimekatwa pembe kali ili zirudishe mwanga. Hivi vingine vimechongwa kwa ufundi wa India, uliositawi tangu enzi za wafalme wa Mughal. Mchongaji hupokea jiwe lenye ukungu au ufa ndani, jiwe ambalo pengine lingedharauliwa sokoni, akalichora mishipa ya jani mpaka dosari ikawa kivuli. Kwa hiyo uzuri wa ukanda huu hautokani sana na usafi wa mawe. Unatokana na mkono.

Na mkono huo ndio pekee usio na jina. Tunamjua mnunuzi. Tunamjua muuzaji, tunajua hata kwamba Jacques Cartier alisafiri kwenda India mwaka 1911. Mtindo wenyewe, miongo kadhaa baadaye, ulipewa jina la Kiitaliano, Tutti Frutti, yaani matunda yote, na mwaka 1989 Cartier wakalisajili kuwa lao. Jina tamu, lakini linaigeuza kazi ya karakana za India kuwa peremende.

Simlaumu Edwina. Mwaka 1947, akiwa mke wa Makamu wa Mfalme wa mwisho wa India, alizunguka kambi za wakimbizi wa mgawanyiko wa nchi ile, na kazi hiyo haifutwi na pambo. Lawama yangu ni kwa sisi tunaoandika juu ya vito. Tunaandika “mtindo wa India,” kana kwamba mtindo una vidole.

Ataniambia mtu kwamba majina ya wachongaji hayakuandikwa popote, kwa hiyo tufanyeje? Tuanze na sarufi. Tukisema “vilivyochongwa,” Kiswahili kinatudai mara moja: na nani? Jibu la “na mafundi wa India” halimtaji mtu, lakini linakiri kwamba mtu alikuwepo, alikaa, akainama, akachoka macho. Hilo ni tofauti na kuiachia nchi nzima iwe rangi ya mapambo.

Kiswahili kinanisaidia kwa jambo moja zaidi. Kipaji ni uso juu ya nyusi. Kipaji pia ni uwezo aliojaliwa mtu. Ukanda ule uliwekwa kwenye kipaji cha Edwina, na hilo tumelikumbuka vizuri. Kipaji kilichoutengeneza ndicho tunachodaiwa.