Rangi juu ya Barakoa ya Mlinda Mlango

Sanaa ya kupaka rangi barakoa za walinda mlango wa hoki ya barafuni hutazamwa kama pambo la mchezo tu, na wanaoisifu aghalabu husifu wingi wa rangi. Lakini kitu ambacho mtu hukivaa usoni mbele ya kisahani cha mpira mgumu, chenye uzito wa gramu 170 hivi, ambacho huweza kumjia kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa, chastahili kuulizwa swali liulizwalo kila sanaa: chasema nini?

Asili yake ni jeraha. Tarehe 1 Novemba 1959, mjini New York, Jacques Plante wa Montreal Canadiens alipasuliwa uso na kisahani kilichopigwa na Andy Bathgate. Alipokwisha kushonwa alirudi mchezoni amevaa barakoa, ingawa mwalimu wake, Toe Blake, hakuipenda. Clint Benedict alikwisha kuvaa ya ngozi mwaka 1930, akaiacha upesi. Ya Plante ndiyo iliyodumu. Haikuwa na pambo lolote. Ilikuwa kinga, basi.

Aliyezipa barakoa usemi ni Gerry Cheevers wa Boston Bruins. Katika miaka ya 1960 kisahani kiligonga barakoa yake nyeupe, naye mhudumu wa timu, John Forristall, akachora kwa mzaha alama za mishono pale kilipopiga. Tangu hapo kila pigo likaandikiwa mshono wake, hata barakoa ikajaa makovu ambayo uso haukuyapata. Mchoro huo haujapitwa hata leo. Mkono wa mtoto waweza kuuchora. Lakini kila mstari una sababu yake, na sababu hiyo ndiyo kazi yenyewe ya barakoa. Tena husomeka kutoka mbali.

Katika miaka ya 1970 Greg Harrison alimtengenezea Gilles Gratton wa New York Rangers uso mzima wa mnyama mwenye meno wazi. Wako wanaosema ni simba, wako wanaosema ni chui mwenye milia. Yatosha mpigaji ajue kwamba ni mnyama alaye. Uso wa namna ile hauwezekani tena. Barakoa ya siku hizi ina wavu wa chuma mbele ya macho, na mchoraji amebakiwa na paji, mashavu na kidevu: amenyang'anywa uso, akaachiwa kingo zake. Wengi wameujibu upungufu huo kwa kujaza. Kwa msasa, utepe wa gundi na bomba la kupulizia rangi, kisha vanishi tabaka juu ya tabaka, hupata picha ndogo ndogo ajabu, ambazo mtazamaji aliye jukwaani huziona kama doa. Hata David Gunnarsson wa Uswidi, fundi ambaye mkono wake hauna shaka, mara nyingine huchora kwa ajili ya kamera kuliko kwa ajili ya uwanja.

Mashindano ya mataifa hutia taabu nyingine. Mchezaji avaaye jezi ya nchi yake hutaka barakoa iseme nchi, ilhali barakoa tangu Cheevers imesema mtu. Jim Craig, mlinda mlango wa Marekani katika Olimpiki ya Lake Placid mwaka 1980, alipata njia: barakoa nyeupe yenye majani ya shamrock, alama ya asili yake ya Ayalandi. Jani dogo lile lamtambulisha mwenyewe kuliko tai na bendera zote zilizofuata.

Nao wakuu wa Olimpiki huwa na neno. Mwaka 2010, huko Vancouver, Jonathan Quick wa Marekani aliagizwa kuondoa maneno ya kuwaunga mkono askari. Mwaka 2018, huko Pyeongchang, Sanamu ya Uhuru kwenye barakoa za Nicole Hensley na Alex Rigsby ilizusha mjadala, kisha ikaruhusiwa. Vigumu kuona mpaka uliotenga mambo haya mawili. Sanamu ile haikujengwa kwa ajili ya urembo wa bandari. Ni hoja ya siasa iliyosimamishwa kwa shaba. Iliyopita ni hoja ya picha, na iliyozuiwa ni hoja ya maneno. Na mchoraji mwerevu amekwisha kujua lipi la kuchora safari ijayo.